Nyumba Isiyonuka Nyama

Alhamisi ile, kabla hata watoto hawajaenda shule, kijiji cha Kserolaka kilikuwa kimeshaanza kunuka mafuta. Kila mlango ulikuwa na jiko lake la mkaa nje, na kila jiko lilikuwa na mtu wa kulipepea. Alhamisi ya kuchoma nyama ndivyo ilivyo kila mwaka. Kwaresima imebakiza siku kumi na moja, na hata asiye na mbele wala nyuma hukopa kipande cha mafuta akakiunguza juu ya makaa, moshi utoke, majirani wajue kwamba humo ndani bado mna watu. Nyumba moja tu ilikuwa haijatoa moshi, na kila aliyepita aliigeuzia shingo.

Ilikuwa nyumba ya Zisis mchungaji. Wiki mbili nyuma walikuja watu waliovaa nguo nyeupe toka utosini hadi nyayoni, wakaua kondoo wake wote mia mbili na kumi na wawili, kwa sababu tisa kati yao walikuwa wameugua ndui ya kondoo. Shimo lilichimbwa kwa trekta nyuma ya zizi. Zisis alisimama pale mpaka udongo ukasawazishwa, akaingia ndani, na tangu hapo maneno yake kwa kutwa nzima ungeweza kuyahesabu kwa vidole.

Mkewe, Asimina, alivaa koti, akachukua kikapu, akaenda bucha.

Mlangoni mwa bucha palitandikwa gunia lililoloweshwa dawa ya kuua vijidudu. Wanawake watano walikuwa ndani, na viatu vyao vyote vilikuwa vikavu.

"Asimina, mama, samahani," muuza nyama alisema kutoka nyuma ya meza yake. "Kanyaga hapo kwanza. Miguu yote miwili."

Akakanyaga. Alipoingia, wenzake wakajisogeza, mmoja akijifanya anatafuta kitu mkobani.

"Haya makubwa!" mwanamke mmoja mnene alisema, akicheka kwa pua. "Tangu lini mke wa mchungaji akapanga foleni ya nyama?"

"Tangu serikali ilipotusaidia kuchinja," Asimina akajibu, na kicheko kikakatika.

Aliagiza mapande manne ya nguruwe yenye mfupa, soseji sita, na kipande cha mafuta matupu.

"Mafuta nakupa bure," muuza nyama akasema.

"Pima. Na risiti unipe."

Mtu yule akapima. Alipomkabidhi mfuko aliinama, akashusha sauti, ingawa kila aliyekuwa mle ndani alikuwa ametega sikio. "Tena kuna jambo. Jioni, pale uwanjani... kamati imeona mwaka huu msije. Kwa sababu ya maradhi, unaelewa. Si mimi, ni kamati."

Kwa miaka kumi na saba mfululizo Zisis ndiye aliyewasha moto wa uwanjani, na wana-kondoo watatu wa kwanza kuwekwa juu ya wavu walitoka zizini kwake.

"Waambie wasihangaike," Asimina akasema. "Hata hatukuwa na nia ya kuja."

Alitoka akiwa amenyoosha mgongo. Alipokata kona, mgongo ukamlegea, akaegemea ukuta wa posta kwa muda kabla ya kuendelea.

*

Hakupita njia kuu. Alizunguka nyuma ya mashamba ya pamba ili asikutane na watu, na ndiyo maana alimwona mama mkwe wake, Vaia, akitoka upande wa ghala la zamani la kukaushia tumbaku. Kikongwe alikuwa anatembea upesi kuliko kawaida yake, ndoo mkononi, aproni imefunikwa juu ya ndoo.

"Mama, umebeba nini?"

Vaia alishtuka, lakini hakusimama. "Maji."

"Maji gani hayo yanatoa mvuke?"

Asimina akafunua aproni. Maziwa yalikuwa bado na povu. Wakatazamana, mke na mama wa mtu mmoja, katikati ya mabua ya pamba ya mwaka jana.

"Wangapi?" Asimina akauliza.

"Wanne. Yule kondoo kizee aliyekatika sikio na binti zake watatu. Zisis aliwatoa usiku ule kabla watu wa nguo nyeupe hawajafika kuhesabu."

"Mungu wangu. Mama, lile ghala na zizi la kondoo la Lambros havijaachana hata hatua mia tano!"

"Ni wazima. Nawapapasa mwenyewe kila siku, kwapa hadi mkia."

"Na wale wengine walikuwa wazima mpaka siku walipoumwa."

Vaia aliweka ndoo chini. Alikuwa mwanamke mkali, aliyezika mume na wana wawili bila kulia mbele za watu, lakini sasa aliushika mkono wa koti la Asimina. "Nisikilize, mke wa mwanangu. Siku ile shimo lilipofukiwa nilimfuata zizini. Nilimkuta ameshika kamba, anaitazama boriti. Hakuniambia anataka kuifanyia nini, wala mimi sikumuuliza. Nikamwambia, wale wanne wana njaa, nenda kawape majani. Akaenda. Wale ndio wanaomwamsha asubuhi. Ukifumbua mdomo wako, unamfumbulia kaburi."

Asimina aliinama. Alichukua ndoo, akamwaga maziwa mtaroni, na alipofika nyumbani akaisugua kwa dawa ya kufulia mpaka vidole vikawasha. Lakini mdomo hakuufumbua. Kila alipotaka, aliiona ile boriti.

Alasiri binti yao Thomai alirudi shuleni. Alikuwa na miaka kumi na moja, umri wa kujua kila kitu na kujifanya hajui.

"Leo tumechoma soseji shuleni," akasema akivua mkoba.

"Zilikuwa tamu?"

"Mwalimu aliniwekea meza yangu peke yangu, karibu na mlango. Nikasema nimeshiba."

Asimina alisimama hapo hapo. "Nenda kalete mkaa," alisema. "Mwingi."

*

Jua lilipokuwa linazama, nyumba ya Zisis nayo ikanuka. Asimina alitupa mafuta matupu moja kwa moja juu ya makaa, yakalia, na moshi mzito wa samawati ukapanda ukutani, ukavuka paa, ukaelekea uwanjani kulikokuwa na zumari na kelele. Vaia alitoa kiti chake nje akakaa kwenye moshi wenyewe, kama mtu anayeota jua. Zisis alifika kutoka mashambani, viatu vyake vya mpira vimelowa hadi magotini. Alitazama jiko, akamtazama mkewe, akaketi kwenye meza ya uani.

"Mmenunua," akasema.

"Tumenunua. Kula."

Hakuwa amemaliza pande la kwanza lango lilipopigwa teke. Aliingia Lambros, na nyuma yake wanaume wawili wa kamati. Lambros alikuwa na kondoo mia tatu na ushee, kundi kubwa kuliko yote yaliyobaki kijijini. Zaidi ya hayo, ndiye aliyesimamia ndoa yao kanisani na ubatizo wa Thomai. Hakuwahi hata siku moja kuingia pale bila kubisha.

"Unachoma nini, Zisis?"

"Habari za jioni kwako pia," Asimina akasema.

"Nimemuuliza mumeo. Kila mtu uwanjani ameinua pua. Wanasema, Zisis kapata wapi nyama? Wanasema hukuwatoa wote. Nijibu! Nina roho mia tatu kule juu, na zote nazilisha kwa mkono wangu!"

Zisis alikata kipande kingine cha nyama. Aliendelea kutafuna, polepole, macho yake kwenye makaa. Mmoja wa wale wawili alipita mbele ya Vaia bila hata kumwamkia, akachukua uma, akainua pande la nyama kutoka kwenye wavu, akalinusa, akaligeuza kuutazama mfupa. Thomai alikuwa mlangoni, anaona yote.

Asimina aliingiza mkono mfukoni mwa aproni. "Risiti hii hapa. Nguruwe, mapande manne. Soseji, sita. Mafuta, kipande kimoja. Isome kwa sauti, bwana, mtoto asikie jinsi baba yake alivyo mwizi."

Yule mtu alirudisha nyama kwenye wavu. "Ni nguruwe," akamwambia Lambros, na wakatoka wote wawili, wakibanana langoni.

Lambros alibaki. Alivua kofia, akaikunjakunja. Lilikuwa pande la mtu, na aibu ilimfanya aonekane kama amevaa mwili wa kuazima.

"Wiki mbili nimewaambia Zisis namjua mimi," alisema hatimaye. "Leo harufu imenifikia, moyo ukaniponyoka. Mama Vaia, nisamehe."

"Kaa ule," Vaia akasema haraka. "Kaa, mwanangu, yameisha."

Akakaa. Akamiminiwa pombe ya zabibu, akainywa kwa mkupuo mmoja, na machozi yakamtoka bila yeye kuyafuta. Pombe ilipomtuliza, alimwekea Zisis mkono begani.

"Sikiliza, ndugu yangu. Nina kondoo arobaini watakaozaa wiki hii, na kijana wangu yuko Ujerumani, hana habari. Mikono miwili hainitoshi. Njoo kesho alfajiri. Utanizalishia. Na katika watakaozaliwa nitakutengea kumi wa kike. Karantini ikiisha, wako. Utaanza upya."

Kule uwanjani zumari lilikuwa limepandisha, watu wanapiga makofi.

"Nitakuja," Zisis akasema.

Yalikuwa maneno ya furaha, na sauti yake ilikuwa na uhai ambao Asimina hakuwa ameusikia tangu siku ya shimo. Ndipo alipoogopa kweli. Aliona viatu vile vya mpira, vina mabua ya ghala yaliyoganda kwenye soli, vikiingia alfajiri katikati ya kondoo arobaini wenye mimba. Chini ya meza, vidole vya Vaia vilimkamata paja vikaminya.

"Hatakuja," Asimina akasema.

Lambros alicheka kidogo. "Shemeji, nimeomba radhi. Usinifungie mlango."

"Si hivyo. Viatu alivyovaa vimetoka kwa kondoo sasa hivi." Alihisi sauti yake inatoka mbali, kama ya mtu mwingine. "Wako wanne. Ghala la tumbaku. Nimejua leo. Lambros, mume wangu asikanyage kwako."

Vaia alitoa mguno kama aliyechomwa. Zisis alifumba macho.

Lambros hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alitazama viatu vya Zisis, kisha vyake mwenyewe, vilivyokanyaga ua ule ule. Akainama akavivua. Akavua na koti lililogusa kile kiti, akaliacha juu ya viatu. Alitembea hadi langoni kwa soksi, katika tope la mwezi wa pili, na hapo akageuka.

"Nani huwakamua?"

"Mimi," Vaia akasema.

"Usipite tena njia ya kwangu."

Waliobaki walisikia hatua zake zikipotea, hazina sauti ya kisigino.

"Nyoka," Vaia akamwambia Asimina. "Nyoka wewe, nimekulisha miaka kumi na tano."

Zisis alikuwa bado amefumba macho. "Umeniua," alisema, taratibu, bila hasira.

"Kamba iko wapi?" Asimina akauliza.

Zisis akafumbua macho. Akamtazama mama yake, akamtazama mkewe.

"Nipe kamba, Zisis. Ile ya zizini. Sitoki hapa mpaka unipe."

Ilimchukua muda mrefu. Hatimaye aliingia stoo, akatoka nayo, nyembamba, ya manjano, ya kufungia marobota ya majani. Asimina aliitupa kwenye makaa, ikajikunja na kutoa moshi mweusi wa plastiki uliofukuza harufu yote ya nyama.

"Sasa chukua simu umpigie daktari wa mifugo," akasema. "Nikipiga mimi, kesho watamkuta mwizi. Ukipiga wewe, watamkuta mchungaji."

Akapiga. Thomai alikuja kumshikia simu sikioni.

*

Daktari Polikseni alifika asubuhi na gari lake jeupe na wasaidizi wawili. Zisis aliomba jambo moja, nalo alikubaliwa: awashike vichwa mwenyewe wakati wa kuuawa. Yule kizee aliyekatika sikio alikuwa wa mwisho. Daktari alipomaliza, aliinua mguu wa nyuma wa yule mnyama, akapangusa manyoya kwa kidole chenye glavu.

"Njoo utazame."

Vilikuwa vipele vitatu, vidogo kama dengu.

"Vina siku mbili, tatu," akasema. "Bibi aliyekuwa anapapasa asingeviona. Lakini vingekuwa vingi baada ya wiki." Hakumtukana, na Zisis aliona afadhali angetukanwa. Faili lake la fidia lilirudishwa ofisini kuamuliwa upya, na kundi la Lambros likawekwa chini ya uangalizi wa siku ishirini na moja, hakuna kuingia wala kutoka. Kama kingeonekana kipele kimoja, shimo lingine.

Kijijini hakuna aliyewaamkia. Mtu aliandika neno kwa makaa kwenye ukuta wao wa mbele. Asimina alilipaka chokaa kabla Thomai hajaamka. Zisis alipata kibarua cha kupakia masanduku ya tufaha kwenye ghala la mji wa jirani, ambako hawakumjua. Nyumbani alilala kama gogo, akaamka mwenyewe bila kuamshwa. Asimina alikuwa anahesabu kila alfajiri mumewe alipokohoa na kutafuta soksi zake, na hakumwambia yeyote kwamba anahesabu.

*

Jumapili ya mwisho kabla ya Kwaresima, nyama imeshaachwa, watu hula jibini na mayai, na jioni wadogo huenda kwa wakubwa kuomba msamaha, kwa sababu hakuna anayeruhusiwa kuanza mfungo na kinyongo. Asimina alikuwa ameoka pai ya jibini. Aliinama mbele ya Vaia kuubusu mkono kama kila mwaka.

"Nisamehe, mama."

Siku kumi kikongwe alikuwa hajamsemesha. Kisha akaugeuza mkono wa Asimina, mgongo juu, na kabla mkwe hajaelewa kinachotendeka, akaubusu yeye.

"Ningezika mwana wa tatu," akasema. "Kaa, pai inapoa."

Lakini bado palikuwa na nyumba moja ya kwenda, nayo haikukwepeka, maana baba wa ubatizo ni mkubwa wa nyumba nzima. Wakaenda wote watatu, Zisis, Asimina na Thomai, na viatu walivyoloweka dawa kutwa nzima. Hawakuvuka kamba nyekundu na nyeupe iliyofungwa mbele ya lango. Thomai akaita. Lambros alitoka, amekonda, ndevu hazijanyolewa tangu Alhamisi ile.

Zisis alipiga magoti barabarani. Madirisha ya jirani yalifunguka moja baada ya jingine.

"Nisamehe," akasema.

Lambros aliwatazama kutoka ng'ambo ya kamba. "Kila siku nawageuza mia tatu, mmoja mmoja, natafuta kipele," alisema. "Nimeshika siku ya kumi. Zimebaki kumi na moja. Leo siku yenyewe ni ya kusema kweli, kwa hiyo sitakudanganya, Zisis. Siwezi. Ningetamka kwa mdomo tu."

"Nimeelewa."

"Inuka, kuna baridi." Akamtazama mtoto. "Wewe, Thomai, nimekusamehe hata usichokosa. Nenda nyumbani ukale yai lako."

Kwa Asimina hakusema neno, ila kabla ya kugeuka aliinamisha kichwa, kidogo tu, kama mtu anayemwamkia mwenye nyumba.

*

Siku ya ishirini na moja iliangukia Alhamisi ya wiki ya pili ya mfungo. Tangu mchana Asimina alikuwa anafanya kazi moja mara mbili mbili. Aliliona gari jeupe likipanda kwa Lambros. Aliliona likishuka. Halikusimama, na kwa namna lilivyokwenda hakuweza kujua lolote.

Walikuwa wameketi kula, maharage ya kuchemsha, zeituni na kitunguu, mlango ulipobishwa. Mara tatu, kwa adabu.

Lambros aliingia, amenyoa. Hakuna aliyethubutu kuuliza. Vaia alishika msalaba wa shingoni. Lambros alivuta kiti akaketi, na Asimina, kwa kukosa la kufanya, akampakulia bakuli. Alikula. Alikula bakuli zima kimya, akapangusa mchuzi kwa mkate, akatema kokwa la zeituni kiganjani.

"Wazima," akasema. "Wote. Na watoto sitini na mmoja juu yake."

Vaia aliangua kilio, yeye ambaye hakulia mbele za watu. Thomai alimkumbatia. Zisis alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, na kucha zake zilikuwa nyeupe.

"Jumapili ile niliacha neno langu njiani," Lambros akamwambia. "Nimekuja kulimalizia. Nimekusamehe, Zisis. Kwa moyo, si kwa mdomo." Akaliweka lile kokwa mezani. "Lakini zizini kwangu hutaingia tena. Wala wale kumi usiwangoje."

"Ni haki yako," Zisis akasema, na hakuyashusha macho.

Lambros alitikisa kichwa kukubali. Kisha akalisukuma bakuli tupu kuelekea upande wa Asimina.

"Niongeze maharage, shemeji. Wiki tatu hizi sikuwa nasikia ladha ya kitu."